Usukani Mzito: Usikimbilie Kununua Pampu



Magari yamekuwa mengi vijijini mwetu. Zamani likipita gari, watoto walikimbilia barabarani kulitazama. Siku hizi huutambua mlio wake likiwa bado nyuma ya kilima, na watakuambia ni la nani. Mengi ya magari hayo yalitumika huko Japani miaka mingi kabla ya kuvuka bahari, na tangu kufika kwetu yamekwisha pita mikononi mwa watu wawili au watatu. Mtu hununua gari la namna hii kwa fedha za kahawa au za mahindi, pengine ndugu watatu wamechangishana, na tangu siku hiyo gari huwa ndilo shamba la pili la nyumba. Likilala gereji wiki mbili, ada ya shule inayumba.

Juma hili tuzungumze habari ya usukani, hasa ule unaosaidiwa na oili, ambao mafundi huuita pawa steringi. Nimeichagua habari hii kwa sababu moja. Usukani ukianza kuwa mzito au kupiga kelele, shauri la kwanza mtu analopewa ni kununua pampu. Pampu ikishafungwa na ugonjwa ukabaki pale pale, shauri la pili ni kununua raki. Vitu hivi viwili ndivyo vya bei kubwa kuliko vyote katika usukani mzima. Walakini mara nyingi ugonjwa wenyewe umejificha katika kitu cha bei ndogo: mkanda uliolegea, mpira unaovuja, pengine upepo wa tairi tu. Mwenye gari akijua kutazama na kusikiliza kabla ya kwenda kwa fundi, hatauziwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Tuanze na kazi yenyewe. Siku za mwanzo za motokaa, dereva aligeuza magurudumu kwa nguvu za mikono yake, na dereva wa lori alikuwa na mabega kama ya mpasua mbao. Mhandisi mmoja wa Marekani, Francis W. Davis, aliyekuwa akishughulika na malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, aliiona taabu hiyo akatafuta njia ya kutumia oili inayosukumwa kwa nguvu. Mwaka 1926 alikwisha kuwaonyesha wenye viwanda gari lililogeuka kwa wepesi. Viwanda viliona gharama ni kubwa, na jambo likangoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili magari mazito ya kijeshi yalitumia chombo hicho, na mwaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ilipokitia katika gari lake la Imperial likauzwa kwa watu wa kawaida. Nasema watu wa kawaida, ingawa Imperial halikuwa gari la maskini.

Sasa fungua boneti utazame. Injini inapozunguka, huzungusha mkanda wa mpira, na mkanda huzungusha pampu ndogo. Pampu hunyonya oili kutoka katika kikopo chake, kisha huisukuma kwa nguvu katika mpira mnene mpaka kwenye raki. Raki ni ile fimbo ya chuma yenye meno iliyolala kati ya magurudumu mawili ya mbele. Ikisogea, magurudumu hugeuka. (Malori na Land Cruiser za zamani zina boksi la chuma badala ya raki, lakini habari ya oili ni ile ile.) Pale usukani unaposhuka na kukutana na raki pana valvu, yaani mlango wa oili, na ndani yake mna kijiti cha chuma kinachoweza kujipinda kidogo. Ukigeuza usukani, kijiti hujipinda, mlango hufunguka upande mmoja, oili huingia na kuisukuma raki kule unakotaka. Ukiacha kugeuza, kijiti hujinyosha, na oili huzunguka tu na kurudi kikoponi bila kusukuma upande wowote.

Lishike sana jambo moja hapa. Usukani na magurudumu bado vimeungana chuma kwa chuma. Oili ni msaidizi tu. Oili ikiisha au mkanda ukikatika, gari bado hugeuka, ila kwa jasho. Tutalirudia jambo hili mbele.

Kwanza hakikisha gari lako ni la oili. Magari mengi ya siku hizi hayana pampu wala kikopo. Yana mota ya umeme inayomsaidia dereva, kama ilivyo katika Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997. Ukitafuta kikopo cha oili ya usukani usikione, hata baada ya kusoma kitabu cha gari, maneno ya leo hayakuhusu sana. Ugonjwa wako utatafutwa katika nyaya.

Mganga mwenye busara hatoi dawa kabla ya kuuliza maumivu yalianza lini na huja wakati gani. Usukani nao yafaa uulizwe hivyo. Je, ni mzito wakati wote, au unapoegesha gari tu? Ni mzito pande zote mbili, au kushoto tu? Ni mzito asubuhi, halafu hupona wenyewe? Unalia, na kama unalia, ni mlio gani? Majibu ya maswali haya ni bure, nayo hupunguza safari za gereji kuliko spana yoyote.

Tairi ndizo zitazamwe kwanza. Tairi za mbele zikipungua upepo, usukani huwa mzito, na hakuna pampu itakayotibu hilo. Kipimo cha upepo hubandikwa mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Nimewaona watu wakibishana nusu saa juu ya raki, na tairi ya kushoto imekaa kama chapati.

Upepo ukiwa sawa, fanya jaribio hili. Simamisha gari mahali tambarare, injini imezimwa, ufunguo umefunguliwa kiasi cha kuachilia kufuli ya usukani. Geuza usukani kidogo uone uzito wake. Kisha washa injini, ugeuze tena. Ukiona uzito umepungua sana, msaidizi yupo na anafanya kazi, hata kama si kwa nguvu zake zote. Uzito usipobadilika hata kidogo, msaidizi amelala: ama mkanda umekatika au unateleza, ama oili imekwisha, ama pampu haisukumi. Angalia kwa taratibu hiyo hiyo, kutoka rahisi kwenda ghali.

Mkanda una namna yake ya kulalamika. Ukilegea au ukiwa umeng'aa kwa kuchakaa, hupiga kelele kali ya ghafula hasa unapokunja usukani hadi mwisho, au asubuhi yenye unyevu. Ni kelele ya kufoka, inakuja na kuondoka. Zima injini, ubonyeze mkanda kwa dole gumba katikati ya nafasi yake ndefu kati ya puli mbili; ukizama zaidi sana ya upana wa kidole, umelegea. Tazama pia upande wa ndani kama una nyufa. Wapo wanaoupaka mkanda sabuni ili unyamaze. Sabuni hunyamazisha kwa siku moja, kisha mkanda huteleza kuliko mwanzo. Magari mengine mkanda ule ule huzungusha na jenereta ya umeme au pampu ya maji, kwa hiyo siku utakapokatika utasimama porini, wala si kwa ajili ya usukani tu.

Mlio wa pampu ni mwingine kabisa. Huu ni wa kuugulia, kama mbwa aliyefungiwa nje usiku, na hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Watu wakiusikia husema, “Pampu imekufa.” Sivyo daima. Mara nyingi pampu inalia kwa sababu imenyonya hewa pamoja na oili. Fungua kikopo utazame: oili yenye povu au vipovu vidogo imeingiwa na hewa. Hewa huingia kwa njia mbili. Ama oili imepungua mpaka pampu inanyonya juu juu, ama mpira ule mfupi unaotoka kikoponi kwenda kwenye pampu umekauka na kupasuka au kibano chake kimelegea. Mpira huo waweza kunyonya hewa bila kudondosha oili nyingi chini, na ndiyo maana hausingiziwi. Kibano kipya na kipande cha mpira ufaao wa oili vimeponya pampu nyingi zilizokwisha hukumiwa kifo.

Ukiwa hapo kikoponi, tazama rangi pia. Toyota nyingi za zamani hutumia katika usukani oili ile ile ya gia otomatiki, aina ya Dexron II au III, nayo ikiwa safi ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka, na yafaa ibadilishwe. Ikiwa ya maziwa, maji au hewa imo ndani. Kikopo kina alama mbili, moja ya oili baridi na moja ya oili ya moto. Usijaze mpaka mdomoni.

Hapa ndipo nataka kuwaonya sana. Nguo ya mtu hutambulika, lakini oili katika chupa isiyo na karatasi haitambuliki. Oili ya breki haifai kabisa katika usukani wa namna hii. Imetengenezwa kwa vitu vingine, nayo huzifanya sili za mpira katika pampu na raki zivimbe na kulainika mpaka ziharibike, na usukani uliokuwa na ugonjwa mdogo hupata ugonjwa wa vyote. Kinyume chake ni kibaya kupita kiasi: oili ya usukani ikimiminwa katika kikopo cha breki, sili za breki huharibika, na gari lililojaa abiria hubaki bila breki. Vikopo hivi viwili hukaa chini ya boneti moja, pengine mkono mmoja tu kati yao. Soma maandishi juu ya kifuniko kabla ya kukifungua. Tena magari hayafanani. Honda, kwa mfano, wana oili yao wenyewe ya usukani, na kutia ile ya gia ndani yake si shauri jema.

Oili ikiwa inapungua kila wiki, imekwenda mahali. Oili haiyeyuki kama umande. Futa mipira na viungo vyote kwa kitambaa hadi vikauke, weka kipande cha boksi la karatasi chini, mtu mmoja awashe injini na kugeuza usukani huku na huku, wewe utazame kwa tochi. Usipapase mpira kwa vidole kutafuta uvujaji! Usukani ukikunjwa hadi mwisho, msukumo ndani ya mpira mnene waweza kupita kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba. Oili inayotoka katika tundu dogo kwa msukumo wa namna hiyo yaweza kutoboa ngozi. Jeraha lake huonekana dogo kama la sindano, kumbe oili imeingia ndani ya nyama. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, asingoje uvimbe.

Pengine utatazama kila mahali usione tone. Hapo tazama ncha mbili za raki, pale palipovikwa mipira yenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Iminye. Ikiwa mizito na laini kama kiriba, oili ya raki imejaa humo, maana yake sili za raki zimechakaa. Hiyo ndiyo siku ya kuzungumza juu ya raki, si kabla.

Lakini kuna njia nyingine ya oili kupotea ambayo imewamaliza watu fedha. Tutwae mfano. Gari la petroli la ndugu watatu limeanza kutoa moshi mweupe mzito nyuma. Oili ya usukani inapungua, wanaijaza, inapungua tena, na chini hakuna hata tone. Wao hawaoni kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Fundi anatazama moshi, anasema pete za injini zimekwisha, yafaa injini ifunguliwe. Ng'ombe wawili wanauzwa.

Sasa sikilizeni. Pampu ya usukani inapofanya kazi ngumu, huielemea injini, na injini ikiwa katika mwendo wa kusimama yaweza kuzimika. Kwa hiyo watengenezaji waliweka kifaa cha kuiongezea injini hewa kidogo wakati huo. Katika baadhi ya Toyota za petroli za miaka ya 1980 na 1990 kifaa hicho ni valvu ndogo iliyofungwa kwenye pampu ya usukani yenyewe, nayo imeungana na injini kwa mipira miwili myembamba ya hewa. Ndani yake mna sili. Sili hiyo ikichakaa, injini huvuta oili ya usukani kwa njia ya mpira wa hewa, huichoma, na kuitoa nyuma kama moshi. Injini haina ugonjwa wowote. Kulijua ni rahisi mno: zima injini, chomoa ile mipira miwili myembamba, utazame ndani. Mipira ya hewa yapasa kuwa mikavu. Ukikuta oili nyekundu, umempata mwizi. Dawa ni kubadilisha hiyo valvu ndogo. Na kama haipatikani upesi, fundi aweza kuziba njia zote mbili za hewa, injini itapungua mwendo kidogo unapokunja usukani hadi mwisho, na gari litaendelea na kazi. Ng'ombe wabaki zizini.

Tuje kwenye upande. Usukani ukiwa mwepesi kulia na mzito kushoto, msiilaumu pampu. Pampu ni moja, nayo huhudumia pande zote mbili. Ingekuwa imechoka, pande zote zingekuwa nzito. Kasoro ya upande mmoja hutoka katika valvu au katika sili za pistoni ya raki, ikiwa tairi mbili za mbele zina upepo sawa. Kinyume chake, usukani ulio mzito pande zote wakati wa kuegesha, ukawa mwepesi mara unapokanyaga mafuta, unaelekeza kwenye mkanda unaoteleza au pampu iliyochakaa. Mkanda ukiwa mzima na oili imejaa na haina povu, basi hapo kweli pampu yafaa kushukiwa.

Na usukani ulio mzito asubuhi, halafu gari likipata moto hulainika? Jambo hili liliyasumbua sana magari ya General Motors ya miaka ya 1980 huko Marekani, hata Wamarekani wakaliita kwa jina la kichefuchefu cha asubuhi cha mama mjamzito. Sili ngumu za valvu zilikuwa zimekwangua vifereji ndani ya nyumba ya raki iliyo laini, na oili baridi ikapita humo bila kufanya kazi. Gari lolote lenye raki iliyokwanguliwa laweza kuugua hivyo, nalo huzidi polepole. Saa ya dakika mbili huwa dakika kumi, mwishowe mchana kutwa.

Upo pia uzito usiohusu oili hata kidogo. Umekata kona, umeuachia usukani, nao haurudi wenyewe katikati. Au unageuka kwa kushtuka-shtuka, mahali pepesi, mahali pazito. Hapo inafaa kuinua magurudumu ya mbele yote mawili, magurudumu ya nyuma yakizuiwa kwa mawe au magogo, na gari liegemee stendi madhubuti. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Injini imezimwa, geuza usukani. Magurudumu yakiwa hewani, usukani wapasa kwenda sawasawa. Ukikwama mahali, tafuta bolijointi iliyokauka, au ile krosi ndogo iliyo kwenye mti wa usukani karibu na raki. Krosi hiyo hushika kutu kwa matope na maji ya mito tunayovuka, nayo huonea pampu bure.

Wakati magurudumu yangali hewani, shika gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza na ukasikia ko-ko-ko, mtu mwingine atazame ncha za tairodi na zile za raki. Ugonjwa huu mwingi hauna uzito wala kelele ya kutisha. Usukani waweza hata kuwa mwepesi na mtamu. Lakini ncha ya tairodi ikichomoka njiani, gurudumu moja hufuata njia yake, na dereva hana la kufanya. Usukani mzito unachosha mikono. Usukani uliolegea unaua. Gari la namna hii lisibebe mtu mpaka litengenezwe, hata kama kesho ni siku ya gulio.

Sasa nilirudie lile la chuma kwa chuma. Madereva wengine, kwa kupenda kubana petroli, huzima injini mteremkoni wakaliacha gari lijiporomokee. Katika gari la zamani lisilo na msaidizi wa oili, hilo lilikuwa jambo la kipumbavu. Katika gari lenye pawa steringi ni jambo la kutisha. Injini ikizimika, pampu husimama, na usukani ambao mikono imezoea kuuona mwepesi huwa mzito ghafula, katikati ya kona. Papo hapo breki nazo zinapoteza msaada wake; baada ya kukanyaga mara chache, pedali huwa ngumu kama jiwe. Na mtu akizungusha ufunguo hadi mwisho akauchomoa, kufuli hushika na usukani haugeuki kabisa. Fikirini kona za kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, au mteremko wa Kitonga huko Iringa, gari limejaa akina mama na magunia. Petroli iliyobanwa hapo haitoshi hata kikombe. Teremkeni katika gia, injini inaunguruma. Na kama injini ikizimika yenyewe, usiache usukani kwa kudhani umekufa. Haujafa. Shika kwa mikono miwili, vuta kwa nguvu zako zote, gari litageuka. Kanyaga breki mara moja kwa uthabiti bila kupigapiga, ulisimamishe.

Neno dogo juu ya kutoa hewa baada ya kubadilisha mpira au oili. Watu hujaza, huwasha, na pampu hulia, wakasema kifaa kipya ni kibovu. Inua magurudumu ya mbele kama tulivyosema, jaza kikopo hadi alama, na injini ikiwa imezimwa ugeuze usukani polepole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, mara kumi au kumi na tano, ukiongeza oili kila inaposhuka. Povu likipungua ndipo uwashe. Wala usiushikilie usukani mwishoni kabisa kwa zaidi ya sekunde tano, siku ile wala siku nyingine. Pampu husukuma isipopata pa kupeleka oili, nayo huchemka.

Mwisho, kwa wale wanaojiandaa kununua. Nenda ulikague gari asubuhi, likiwa baridi. Gusa boneti kwanza. Washa, geuza usukani hadi mwisho pande zote, usikilize. Fungua kikopo uone rangi. Minya mipira ya raki. Tazama kama kikopo kimeoshwa kikang'aa huku injini nyingine yote ina vumbi, maana aliyekiosha alikuwa na sababu. Na muuzaji akikuambia kwamba gari lilikwisha washwa kidogo alfajiri kwa kuwa alilipeleka kuoshwa, mwage kwa heshima, urudi kesho yake kabla ya jogoo wa pili.